Lokomotive Leipzig: Bingwa wa Kwanza wa Ujerumani Anayecheza Daraja la Nne

Mtu akiifungua orodha ya mabingwa wa soka wa Ujerumani na kuisoma tangu mwanzo, jina atakalokutana nalo kwanza si Bayern München wala Schalke wala Nürnberg, bali ni VfB Leipzig, waliotwaa ubingwa mwaka 1903. Akiitafuta klabu hiyo kwenye msimamo wa Bundesliga hataiona, na akidhani kuwa labda ndiyo hii RB Leipzig ya siku hizi atakuwa amepotea njia, kwa sababu RB, klabu ya kampuni ya vinywaji ya Red Bull, ilianzishwa mwaka 2009 na haina nasaba yoyote na mabingwa wale. Wenyeji watamwelekeza kusini-mashariki mwa jiji, katika kitongoji cha Probstheida, ambako timu iitwayo 1. FC Lokomotive Leipzig hucheza Regionalliga Nordost, yaani daraja la nne, kwenye uwanja mkongwe wenye jukwaa la mbao.

Je, Lokomotive hii ndiyo VfB ile? Mashabiki wa Probstheida hulijibu swali hilo bila kusita, lakini mwanasheria angehitaji muda zaidi, kwa kuwa klabu hiyo imefutwa na dola, imebadilishwa majina kama nguo, imefilisika mara mbili na imewahi kuanza upya kwenye daraja la chini kuliko yote. Ili kulifumbua fumbo hilo inabidi kutenganisha mambo ambayo shabiki huyachukulia kuwa kitu kimoja: chama kilichoandikishwa mahakamani, jina linaloandikwa kwenye jezi, na watu wanaokwenda uwanjani kila wiki. Kwa vilabu vingi vya Ulaya mambo hayo hayajawahi kuachana. Leipzig yameachana mara kadhaa.

Hata umri wa klabu ulitokana na muungano. VfB ilianzishwa mwaka 1896, ikaungana miaka miwili baadaye na chama kingine kilichoitwa Sportbrüder, kilichokuwapo tangu 1893, na kuanzia hapo mwaka 1893 ndio uliohesabiwa kuwa mwaka wa kuzaliwa. Leipzig wakati huo ilikuwa mojawapo ya vitovu vya mchezo huu mpya. Tarehe 28 Januari 1900, wajumbe waliowakilisha vilabu 86 walikutana katika mgahawa wa Mariengarten jijini humo, wakaunda Shirikisho la Soka la Ujerumani, DFB, ambalo ndilo lililoandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa taifa miaka mitatu baadaye.

Mashindano hayo ya 1903 yanastahili kusimuliwa kwa kituo, maana yanaonyesha soka ya Ujerumani ilivyokuwa kabla ya kuwa na mpangilio unaosifiwa leo. Timu zilikuwa 6 tu, na ziliumana kwa mtoano. Katika nusu fainali, Karlsruher FV walitakiwa kukutana na DFC Prag, klabu ya Wajerumani wa Praha, mji uliokuwa bado chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Karlsruhe walipokea simu ya maandishi iliyodai kuwa mechi imeahirishwa, wakabaki nyumbani. Simu hiyo ilikuwa ya uongo, na aliyeituma hakujulikana kamwe. Praha, ambao rais wao Ferdinand Hueppe ndiye aliyekuwa rais wa DFB, wakapita bila kugusa mpira. VfB kwa upande wao waliwafunga Britannia Berlin 3–1 na Altona 93 kwa 6–3, kisha tarehe 31 Mei wakakutana na Praha kwenye fainali huko Altona, mji jirani wa Hamburg uliokuwa ukijitegemea wakati ule. Mchezo ulichelewa kuanza kwa sababu mpira mzuri haukupatikana haraka, na uwanja wenyewe ulikuwa uwanda wa mazoezi ya kijeshi uliozungushiwa kamba. Leipzig walishinda 7–2.

Mwaka uliofuata VfB walifika tena fainali, lakini Karlsruhe, ambao hawakuwa wamesahau, walikuwa wamekata rufaa kuhusu kanuni za uwanja usio na mwenyeji, na DFB ikaifuta fainali saa chache kabla ya kipenga. Kwa hiyo mwaka 1904 hauna bingwa. VfB walirudi kutwaa ubingwa mwaka 1906 na 1913, na tarehe 3 Januari 1937 wakaifunga Schalke 2–1 mjini Berlin katika fainali ya Kombe la Ujerumani la msimu wa 1936. Kati ya mafanikio hayo, mwaka 1922, walikuwa wamejijengea uwanja wao wenyewe Probstheida, ulioweza kubeba watu 40,000. Uwanja huo hauna budi kukumbukwa katika maelezo yatakayofuata, kwa sababu ndio kitu pekee ambacho hakikuhama.

Mkato wa kwanza ulikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwezi Desemba 1945, mataifa yaliyoishinda Ujerumani yalitoa amri ya kuvivunja vyama vyote vya michezo vilivyokuwapo chini ya utawala wa Wanazi. Amri ilikuwa moja kwa nchi nzima, ila utekelezaji ulitofautiana kabisa. Katika maeneo yaliyokaliwa na Wamarekani na Waingereza, vilabu viliruhusiwa upesi kurudi na majina yao ya zamani, na ndiyo maana klabu kama Bayern huhesabu miaka yake mfululizo tangu 1900 bila mtu kuhoji. Katika eneo la Wasovieti, vyama vya kale vilionekana kuwa mabaki ya ubepari na havikurudishwa. Mwaka 1946 VfB ikafutwa, na mahali pake, kwenye uwanja uleule, ikaanza timu ya mtaa iliyoitwa SG Probstheida. Uwanja nao ukapewa jina la Bruno Plache, mwanamichezo mkomunisti, jina ambalo unalo mpaka leo.

Baada ya hapo majina yalifuatana kwa kasi: Erich Zeigner Probstheida, kisha Einheit Ost, kisha mwaka 1954 SC Rotation Leipzig. Msomaji asiyeijua Ujerumani Mashariki anaweza kudhani ni majina ya kubuni tu, lakini yalikuwa na kanuni yake. Katika nchi hiyo kila timu ilifungamanishwa na sekta ya kazi au chombo cha dola, na jina lilitaja sekta: Lokomotive walikuwa watu wa reli, Chemie wa viwanda vya kemikali, Rotation wa uchapaji na magazeti, Dynamo wa polisi na usalama, Vorwärts wa jeshi. Mlezi akibadilika, jina lilibadilika. Mchezaji aliyebaki Probstheida kwa miaka 20 angeweza kuvaa jezi za klabu tano bila kuhama nyumba.

Mwaka 1963 wakubwa wa michezo waliamua kwamba Leipzig inahitaji timu moja yenye nguvu, wakachukua wachezaji waliowaona bora kutoka timu mbili kubwa za jiji na kuwaweka katika SC Leipzig. Waliobaki, ambao hakuna aliyewataka, wakapelekwa Chemie Leipzig, upande wa magharibi wa jiji, chini ya kocha Alfred Kunze. Msimu wa 1963–64 bingwa wa Ujerumani Mashariki akawa Chemie, timu ya makombo. Uhasama kati ya Probstheida na Leutzsch, kitongoji cha Chemie, umejengwa juu ya jambo hilo, na bado ni mkali kuliko uhasama wowote walio nao dhidi ya RB.

Tarehe 20 Januari 1966, serikali ilipoamua kuanzisha vilabu maalumu vya soka vilivyotengwa na michezo mingine, sehemu ya soka ya SC Leipzig ikawa 1. FC Lokomotive Leipzig, kwa kifupi Lok, chini ya ulezi wa shirika la reli. Jina hilo ndilo lililodumu na ndilo lililofika Ulaya. Katika Kombe la UEFA la 1973–74 Lok waliwatoa Torino, Wolverhampton, Fortuna Düsseldorf na Ipswich kabla ya kusimamishwa na Tottenham katika nusu fainali. Nyumbani walitwaa Kombe la Ujerumani Mashariki miaka ya 1976, 1981, 1986 na 1987. Ubingwa wa ligi hawakuupata kamwe, na hapo panahitaji maelezo.

Kuanzia 1979 hadi 1988 ubingwa ulikuwa wa BFC Dynamo ya Berlin kila mwaka, mara 10 mfululizo. Mlezi wa Dynamo alikuwa Erich Mielke, waziri aliyesimamia polisi wa siri, na nchi nzima iliamini kuwa waamuzi wanaipendelea. Tarehe 22 Machi 1986, Lok walikuwa wakiongoza 1–0 dhidi ya Dynamo mjini Leipzig wakati muda wa kawaida ulipokwisha. Mwamuzi Bernd Stumpf akaendeleza mchezo, na katika dakika ya tano ya nyongeza akaipa Dynamo penalti. Mechi ikaisha 1–1, na mwisho wa msimu Dynamo wakawapita Lok kwa pointi 2. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba Stumpf alifungiwa, jambo lisilo la kawaida katika nchi ambayo haikupenda kukiri kosa. Mkasa huu ungekuwa rahisi kama ungeishia hapo. Mwaka 2000, televisheni ilionyesha picha zilizopigwa kutoka pembe nyingine ya uwanja, nazo zinaelekea kuonyesha kuwa beki wa Leipzig alimsukuma kweli mshambuliaji. Kwa maoni yangu, penalti moja haithibitishi wala kukanusha upendeleo wa miaka kumi. Inachothibitisha ni kwamba imani ya watu kwa waamuzi ilikuwa imekwisha, hata uamuzi halali ukaonekana wizi.

Mwaka mmoja baada ya penalti hiyo ukaja usiku ambao wazee wa Leipzig huutaja mpaka leo. Katika nusu fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, Lok waliifunga Bordeaux 1–0 huko Ufaransa. Kwenye marudiano ya tarehe 22 Aprili 1987 klabu iliuhama uwanja wake na kucheza kwenye Zentralstadion, ambako idadi rasmi ya watazamaji ilikuwa 73,000, ingawa waliokuwapo husema watu walikuwa wengi zaidi ya hapo. Bordeaux walifunga dakika za mwanzo, matokeo ya jumla yakawa sare, ikaja mikwaju ya penalti. Kipa René Müller alipangua miwili, kisha, zamu ilipofika kwa wapigaji wa akiba, akaweka mpira mwenyewe kwenye alama na kuupiga wavuni. Fainali ilichezwa Athens tarehe 13 Mei dhidi ya Ajax iliyofundishwa na Johan Cruyff, na bao la kichwa la Marco van Basten likatosha kuwanyima Lok kombe.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka, vilabu vya mashariki viliingizwa kwenye mfumo wa magharibi kwa msimu mmoja wa mchujo, wa 1990–91. Timu mbili za kwanza zilikwenda Bundesliga, na nyingine sita zikaingia daraja la pili. Lok walimaliza wa saba, wakapita kwa mechi za ziada. Walezi wa reli hawakuwapo tena, na jina la Lokomotive lilinuka utawala uliokwisha; kwa hiyo mwaka 1991 wanachama walilirudisha jina la VfB Leipzig. Ikumbukwe kuwa lililobadilika lilikuwa jina peke yake: chama kilichoandikishwa kiliendelea kuwa kilekile kilichoanzishwa 1966. Hapa ndipo kasoro ya kisheria ilipojificha. VfB ya 1991 ilijitangaza kuwa bingwa wa 1903, wala hakuna aliyepinga, ijapokuwa kati ya chama kilichovunjwa baada ya vita na hiki kipya hapakuwa na karatasi hata moja ya kuviunganisha. Kilichokuwapo ni uwanja, kitongoji na kumbukumbu.

VfB walipanda Bundesliga mwaka 1993, wakashinda mechi 3 tu kati ya 34 na kushuka wakiwa wameshika mkia. Kuanzia hapo ni mteremko mtupu: mikataba ya wachezaji iliyozidi mapato, wadhamini waliokuja na kuondoka, kushuka kutoka daraja la pili mwaka 1998, kufilisika kwa mara ya kwanza karibu na mwaka 2000, na kufilisika tena mwaka 2004, safari hii bila kuinuka. Si kwamba Leipzig peke yao walifanya uzembe. Mashariki yote, wakati ule, viwanda vilikuwa vikifungwa, vijana wakihamia magharibi kutafuta kazi, na wachezaji bora walikuwa wamekwisha kununuliwa ndani ya miezi michache baada ya mipaka kufunguliwa. Hata hivyo, klabu iliyotumia fedha isizokuwa nazo haiwezi kuilaumu historia kwa kila kitu.

Mashabiki waliona mwisho unakuja, na tarehe 10 Desemba 2003, kabla VfB haijakata roho, walianzisha chama kipya na kukipa jina la zamani, 1. FC Lokomotive Leipzig. Chama kipya hakirithi daraja. Kwa kanuni za Ujerumani, timu isiyo na nafasi yake huanzia chini kabisa, na chini kabisa katika wilaya ya Leipzig palikuwa 3. Kreisklasse, daraja la 11, ambako wapinzani ni timu za akiba za vijiji. Tarehe 9 Oktoba 2004, Lok walikodi Zentralstadion, uliokuwa umejengwa upya kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2006, ili kucheza na kikosi cha pili cha Eintracht Großdeuben. Waliingia watu 12,421, idadi iliyotangazwa kuwa rekodi ya dunia kwa mechi ya daraja la mwisho. Hata Lothar Matthäus, nahodha wa mabingwa wa dunia wa 1990, alikubali kuvaa jezi ya Lok kwa mechi moja mwaka 2005.

Kupanda kulikuwa kwa haraka, lakini si kwa miguu tu. Mwaka 2005 klabu iliungana na SSV Torgau na kwa njia hiyo ikachukua nafasi kwenye daraja la juu zaidi, ikaruka ngazi kadhaa ambazo ingezipanda moja moja. Wale wanaoilaumu RB kwa kuichukua nafasi ya klabu ndogo ya jirani, SSV Markranstädt, mwaka 2009 huwa hawapendi kukumbushwa jambo hili. Fedha zilizohusika hazilinganishwi, na dhamira pia, lakini mlango ni uleule.

Yapo pia mambo ambayo klabu haiwezi kuyaweka kwenye kabati la vikombe. Mwaka 2006 kundi la mashabiki wake lilijipanga jukwaani kwa umbo la msalaba wa Kinazi katika mechi ya vijana dhidi ya watani wao wa jiji, na Februari 2007, baada ya mechi ya kombe dhidi ya kikosi cha pili cha Erzgebirge Aue, mamia ya wahuni waliwavamia polisi na kujeruhi zaidi ya 30, hadi chama cha soka cha jimbo la Sachsen kikaahirisha mechi zote za wikendi iliyofuata. Uongozi umechukua hatua tangu wakati huo, na sehemu ya mashabiki imekuwa mstari wa mbele kuwapinga watu hao, lakini sifa hiyo mbaya haijafutika.

Sasa turudi kwenye swali la urithi. Kwa miaka mingi Lokomotive mpya, kisheria, ilikuwa chama cha mwaka 2003 kisicho na ubingwa wowote. Ila mufilisi VfB hakuwahi kufutwa kwenye rejista ya vyama: alibaki humo kama gofu, bila timu, akisubiri hesabu za wadai zimalizike. Jambo hilo, ambalo wengi waliliona kuwa uzembe wa makarani, ndilo lililotoa njia. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 mchakato wa ufilisi ulifungwa na chama cha zamani kikaunganishwa rasmi na Lokomotive. Kwa hatua hiyo mkato wa 2004 uliunganishwa kwa karatasi, na mstari kutoka 1966 hadi leo hauna tena pengo. Pengo la 1946 limebaki palepale, kwani amri ya mataifa washindi haiwezi kubatilishwa na kikao cha wanachama. Pengo hilo limezibwa na utaratibu wa kawaida wa soka ya Ujerumani wa kuukubali mwendelezo pale ambapo uwanja, watu na mchezo vilibaki vilevile.

Kinachowaumiza vichwa watu wa Probstheida siku hizi si urithi bali hesabu. Daraja la tatu la Ujerumani ni ligi moja ya taifa zima, wakati daraja la nne limegawanywa katika Regionalliga 5. Nafasi za kupanda ni 4. Mabingwa wa Magharibi na Kusini-Magharibi hupanda moja kwa moja kila mwaka, nafasi ya tatu huzunguka kwa zamu kati ya Kaskazini, Kaskazini-Mashariki na jimbo la Bayern, na mabingwa wawili wanaobaki hupigania nafasi ya mwisho katika mechi mbili. Kwa hiyo timu inaweza kuongoza ligi yake msimu mzima, kisha ikapoteza kila kitu katika dakika 180.

Lok wameionja shubiri hiyo mara mbili. Mwaka 2020, msimu ulipokatizwa na korona, walitangazwa mabingwa kwa wastani wa pointi, wakakutana na SC Verl, ambao hata hawakuwa wa kwanza katika ligi yao. Matokeo yakawa 2–2 Leipzig na 1–1 kwenye marudiano, na Verl wakapanda kwa faida ya mabao ya ugenini. Mwaka 2025 Lok walikuwa mabingwa halali wa uwanjani. Walitoka sare ya 1–1 na TSV Havelse katika mechi ya kwanza, na tonge lilikuwa karibu na mdomo, lakini marudiano ya nyumbani yaliingia dakika 30 za nyongeza na kumalizika 0–3.

Mwaka huohuo vilabu vya Kaskazini-Mashariki viliongoza kampeni ya kudai kwamba kila bingwa apande moja kwa moja. Zipo njia mbili za kulifanikisha hilo: ama timu 5 zishuke kutoka daraja la tatu kila mwaka, ama Regionalliga zipunguzwe hadi 4. Ya kwanza haiwavutii walioko daraja la tatu, ambao ndio wangeongezewa hatari ya kushuka. Ya pili inahitaji vyama vya kanda vikubali kuchora mipaka upya, na jimbo la Bayern, lenye ligi yake peke yake, ndilo lenye cha kupoteza zaidi.